Babu haonekani kwenye makaratasi: tuanzie kukagua wapi

Kila nikisema nafatilia mambo ya ukoo lazima mtu anivute pembeni aniambie na mimi babu yangu nimemtafuta kila mahali hayupo. Nikimuuliza kila mahali ni wapi, anasema kagugo, kaingia kwenye zile website za mti wa familia, kaandika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na yamemjia majina ya watu wa Marekani. Ndugu yangu, mtu aliyezaliwa Tanganyika zamani kabla ya uhuru, mtandaoni ndo mahali pa mwisho kabisa kumkuta. Yupo, ila yupo kwenye daftari limeliwa pembe na mchwa, kwa jina usilolijua, mwaka usioutegemea.

Mi babu mzaa baba nilimtafuta kama miaka mitatu. Alitoka Ungoni kule Songea akaja Tanga kukata mkonge, akaoa, akazeeka, akazikwa Muheza, na hayo ndo yote tuliyokua tunayajua. Makosa niliyoyafanya njiani nayapanga hapa kama fundi anavyokagua gari, dalili gani, inaweza kua nini, unashika wapi kwanza. Mifano mingi ni ya Tanganyika maana ndo nnakokujua, wa Kenya na Zanzibar mtaokota ya kwenu humohumo.

Kabla hujagusa dalili yoyote jiulize kitu kimoja: nani alikua anamtaka babu? Serikali ya wakati ule haikua na habari na babu yako kama babu. Ilimtaka kodi. Padre aliitaka roho yake, mzungu wa shamba aliitaka mikono, jeshi lilitaka mgongo wa kubebea mizigo. Aliyemtaka ndo aliyemwandika, na alimwandika kwa namna iliyomfaa yeye mwandishi sio nyie wajukuu. Kama mwaka huo hapakua na mtu anamtaka basi karatasi ya mwaka huo hamna, unapoteza nauli. Bibi zetu ndo wanaoumia zaidi hapa maana kodi na mkataba wa kazi vilikua vinafata wanaume, mwanamke mara nyingi karatasi yake ya pekee ni ya kanisani au ya kwa kadhi.

Kitabu ni chenyewe, mwaka ni wenyewe, jina hamna

Hii ndo inaongoza. Cha kwanza kukishuku ni jina ulilokwenda nalo wewe, kitabu kiache kwanza. Haya majina matatu tunayotembea nayo, la kwako, la baba na la babu, hayakai sehemu moja, kila kizazi linadondoka moja nyuma linaingia jingine mbele, kwahiyo lile la tatu kwenye cheti chako halina maana yoyote kwa babu wa babu yako, yeye alikua na la kwake na la baba yake basi, na pwani ni fulani bin fulani mwisho wa habari. Mdogo wake akihamia wilaya nyingine akaamua kujiita kwa jina la ukoo au la utani, leo watoto wao kwenye makaratasi ni kama hawajuani. Kwahiyo tafuta kwa jina la kwanza, la baba, na mahali. La tatu lisahau.

Alafu kuna Kilatini. Vitabu vya Wakatoliki vya zamani viliandikwa Kilatini, Yohana ni Joannes, Yakobo ni Jacobus, Ludoviko ni Ludovicus, na likiwa jina la mzazi linabadilika mkia: "filius Joannis" ni mtoto wa Yohana, "ex Petro et Maria" ni kwa Petro na Maria. Nimeshuhudia mtu anapita juu ya jina la babu yake kwa kidole kabisa, anadhani ni maneno ya sala.

Padre akiwa Mjerumani ongeza na tahajia. Juma anaandikwa Dschuma, Shabani anaandikwa Schabani, Chacha anakua Tschatscha, na J yao inasomeka kama Y yetu kwahiyo Yusufu mtafute kwenye J. W yao ni V. Ukiona nakutania chukua ramani ya wakati wa Mjerumani, Moshi utaikuta Moschi na Kilimanjaro ni Kilimandscharo. Maana yake kwenye orodha iliyopangwa kwa herufi Juma hayupo kwenye J, yupo huko kwenye D, na umeshakata tamaa umefunga kitabu. R na L nazo zijaribu zote mbili kila mara, karani wa pwani akisikiliza mtu wa bara anaandika alichosikia yeye.

Mwandiko wenyewe ni mtihani. Wajerumani wa zamani walikua na mwandiko wao ambao e inafanana na n na u ina kijipinde juu. Usianze kusoma jina la babu. Anza na maneno ambayo unayajua yatakuwepo kila mstari, jina la kituo, jina la padre aliyebatiza, miezi, "natus" (kazaliwa), "baptizatus" (kabatizwa), uchore kwenye karatasi yako kila herufi anaiandikaje huyu padre. Nusu saa tu. Baada ya hapo majina yanafunguka yenyewe.

Na kuna jina ambalo hata sio la kwake. Hili lilitupata sisi, jina tunalolitumia kama la ukoo, lipo kwenye vyeti vya shule, lipo kwenye hati ya kiwanja cha baba, lipo kwenye kadi zangu za harusi, nilikua nalitafuta Songea nzima hakuna ukoo unaoitwa hivyo. Kumbe lilikua jina la jumbe wa kijiji. Karani wa mkataba alipowapanga vijana foleni akawauliza nyie wa wapi, wakasema wa kwa jumbe fulani, basi akaandika fulani kwa wote. Yaani jina ambalo baba alikua anasema "sisi akina fulani hatukimbii shida" ni la mzee aliyekua anakuja kudai kodi, na babu ndo alimkimbia huyo. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Kwahiyo kama babu alikua manamba, yaani kibarua wa mkataba shambani, jina la mwisho lipime kama jina la mtu na pia kama jina la mahali.

Dini nayo. Mtu katoka kwao Yohana kafika Tanga kawa Hamisi, kasilimu akiwa kambini, na watoto wa Tanga wanaapa babu yao hajawahi kuingia kanisani. Ilikua kawaida tu. Kinyume chake pia ipo, sema tafuta kwa wazazi, jina la baba na mama yake halisilimu.

Miaka haikubaliani

Familia inasema kazaliwa 1905, kitabu kinasema 1927. Hapo watu wanasema sio yeye. Subiri kwanza, hiyo tarehe ni ya kuzaliwa au ya kubatizwa? Watu wazima walibatizwa wengi tu, na pembeni padre anaweka umri wa kukadiria, "annorum circiter 20" maana yake kama miaka 20 hivi. Toa mwenyewe, na umpe nafasi ya miaka mitano huku na huku maana padre alikua anaangalia sura.

Miezi ina mtego mmoja mbaya sana. Ukikuta 7bris usiandike Julai. Hiyo ni Septemba, septem ni saba kwa Kilatini. 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, na 10bris au Xbris ni Desemba. Mi niliandika daftari zima vibaya kwa hilo, nikawa na mtoto kabatizwa kabla hajazaliwa.

Vyeti vya siku izi navyo, ukiona mzee kazaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai jua kuna karani alikadiria ili aijaze fomu. Hiyo tarehe usiijengee nyumba.

Kwa watu wa pwani hati na makaburi mengi yana mwaka wa Kiislamu, na ule ni mfupi kwa siku kama 11, kwahiyo huwezi kutoa namba moja tu ile ile kwa miaka yote. 1318 kwa mfano ilianza mwezi wa tano 1900 ikaishia mwezi wa nne 1901. Tafuta kikokotoo ubadili tarehe moja moja. Na bibi akikwambia mtoto alizaliwa mfungo sita, hajakwambia mwezi wa sita, mifungo inahesabiwa kuanzia baada ya Ramadhani, mfungo mosi ndo Shawwal, kwahiyo mfungo sita ndo mwezi wa Maulidi.

Kama hakuna karatasi kabisa tumia matukio. "Alizaliwa Majimaji" inakupa 1905 hadi 1907, ila uliza tena ni vita yenyewe au ile njaa iliyofata, maana kwa wazee wa Ungoni vyote vinaitwa hivyohivyo. Ugogo wana Mtunya, njaa ya mwisho wa vita ya kwanza. Kikuyu wana marika yao, rika la 40 ni la waliotahiriwa 1940. Pesa inasaidia pia: mahari ikitajwa kwa rupia upo kabla ya miaka ya 1920, maana shilingi ziliingia mwanzoni mwa miaka hiyo. Usimuulize mzee "mwaka gani", muulize "ulikua unachunga au ulikua umeshaoa?"

Mahali hapapo kwenye ramani

Kuna sababu tatu tu nilizokutana nazo na zote zinatibika. Kwanza majina ya Mjerumani: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, na kule ziwani Wiedhafen ni Manda na Sphinxhafen ni Liuli. Pili kijiji kilikua kinaitwa kwa jina la jumbe, jumbe akifa jina linaondoka nae, alafu ikaja Operesheni Vijiji ya 1973 mpaka 1976 watu wakahamishwa kwenye vijiji vya ujamaa, kwahiyo kijiji cha babu leo ni mashamba ya watu au msitu. Tatu wilaya zimegawanywa. Zamani ukisema Songea unasema na Mbinga na Namtumbo humo humo. Mafaili yanabaki kwenye jina la wilaya mama.

Parokia ni hivyohivyo. Usiende parokia ya leo ya kijiji, uliza ilizaliwa na ipi, na hiyo nayo ilizaliwa na ipi, mpaka ufike juu. Kwa upande wetu ukipanda sana unafika Peramiho, Wabenediktini walianza pale 1898. Bagamoyo wale wa Roho Mtakatifu walianza 1868. Waanglikana wana Magila na Masasi. Ukijua kituo mama kilianza lini unajua na karatasi inaweza kuanza lini, kabla ya hapo usisumbue mtu.

Babu ana baba wawili

Au mama watatu, au kaka ambae ukoo haumjui. Kabla hujasema kuna siri kumbuka kwetu baba mdogo ni baba. Mtoto kapelekwa kubatizwa na baba mdogo, padre kauliza baba yake nani, kajibu mimi, na hajadanganya mtu. Mjane karithiwa na shemeji, watoto waliofata wana baba mwingine na watoto wa kwanza wanamwita huyohuyo baba. "Kaka" anaweza kua mtoto wa mama mkubwa. Sasa ukichora ule mti wa kizungu wenye mishale, umeharibu.

Dawa yake uliza kwa tumbo: "waliotoka tumbo moja ni kina nani?" Hapo utajibiwa sawasawa. Na angalia nani kapewa jina la nani. Kwenye koo nyingi mtoto wa kwanza wa kiume anapewa la babu mzaa baba, ukiona jina linarudi rudi kwenye tawi fulani na kwenye tawi jingine halipo kabisa, hapo ndo pa kuuliza.

Vitabu vimekatika katikati

Uko vizuri mpaka 1916 alafu ghafla kimya mpaka miaka ya ishirini. Sio mchwa. Waingereza walivyoingia waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, vituo vingi vikabaki kwa makatekista, na wao walikua wanaandika kwenye madaftari ya kawaida au hawaandiki. Baadae padre mpya alipokuja wengine waliandikwa upya kwa pamoja, kwahiyo ukiona ubatizo mia na kitu mwezi mmoja usidhani kulikua na uamsho, wengi hapo ni watu wa miaka ya nyuma. Muulize katekista mzee, au mtoto wa katekista, daftari la marehemu liko wapi. Kuna moja nimelikuta kwenye sanduku chini ya nguo.

Na usisome vitabu vya ubatizo peke yake. Kuanzia 1908 kanisa katoliki liliagiza ndoa iandikwe kwenye ukingo wa kitabu cha ubatizo wa mhusika, hata kama kaoa mkoa mwingine padre wa huko alitakiwa kutuma taarifa. Ule ukingo ndo dhahabu. Watu wanasoma mstari wanaacha ukingo. Ukipata cheti cha zamani utaona namba na herufi LB, LC, LM, hizo ni ubatizo, kipaimara na ndoa kwa mpangilio huo, na namba ndo itakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa.

Alienda kazini au vitani akapotea

Hapa tukae kidogo maana nusu ya wanaume wa kizazi hicho wameishia hapa.

Kazini kwanza. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalikula watu wa Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi, mpaka Wamakonde wa Msumbiji. Manamba, kwa sababu mtu alikua namba. Ukikuta karatasi ya shamba usishangae jina liko vibaya, angalia ile namba, ndo ilikua jina lake la kweli kwa miaka hiyo. Kipande cha huku kilikua kadi ya siku 30 za kazi, mtu akikata kazi yake nyapara anapiga alama, akimaliza 30 ndo analipwa, kwahiyo kipande kimoja kinaweza kuchukua miezi miwili au zaidi. Usikichanganye na kipande cha Kenya kile cha kuvaa shingoni kwenye kikopo cha bati, cha kuanzia 1919 na 1920, kile ni kitambulisho kina alama za vidole. Mkenya akikwambia babu yake alikua na kipande na Mtanzania akakwambia hivyohivyo, hawazungumzii kitu kimoja.

Mashamba mengi yalibadili wenyewe mara nyingi, Mjerumani, Mgiriki, Mhindi, Mwingereza, alafu 1967 mengine yakataifishwa, makaratasi yakatupwa kila mara. Mi sikupata karatasi hata moja ya shamba. Nilichopata ni mzee aliyekua anafanya korona, ile mashine ya kuchana mkonge, aliyejua kambi zilipangwa kwa kabila na akanionyesha Wangoni walikua wanakaa upande gani. Kutoka hapo nikaenda makaburini. Jirani wa kaburi la babu alikua na jina la kijiji kimeandikwa kwenye saruji, ndo nikapata jina la kijiji mara ya kwanza.

Vitani. Ya kwanza, 1914 hadi 1918, kama babu mkuu alibeba mizigo usitegemee kuliona jina. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ni majina ya hao hao wapagazi, Carrier Corps, walikufa makumi ya maelfu kwa njaa na kuhara zaidi ya risasi, na wengi mno hawakuandikwa popote. Sanamu ya Askari pale Samora iliwekwa 1927 na haina jina la mtu hata mmoja. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri 2021 kwamba Waafrika hawakupewa heshima sawa na Wazungu. Kwahiyo ukikosa, hujakosea kutafuta.

Ya pili ni tofauti. Keya (KAR, askari Waafrika wa Mwingereza) wa vita ya pili waliandikwa kwa namba za jeshi, na waliokufa wengi wapo kwenye database ya hiyo tume, bure, unatafuta kwa jina na nchi. Waliofia Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki 1944 tafuta kwenye mnara wa Rangoon. Na kama familia inasema aliondoka kwa meli kutoka Mombasa mwanzoni mwa 1944 hakuonekana tena, angalia Khedive Ismail, ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Jina jaribu kwa kila tahajia, na liandike hata jina moja tu, wengi wameingizwa na jina moja.

Aliyerudi mzima ndo shida zaidi, aliyekufa ana rekodi kuliko aliyepona. Tafuta nishani kwenye masanduku ya bibi, na karatasi ya kuruhusiwa, watu wengi waliitumia kuombea kazi za ulinzi kwahiyo ilitunzwa ikachakaa. Piga picha pande zote mbili.

Wazee hawasemi

Usije na rekodi ya simu mezani na swali la kwanza "ukoo wetu ulianzia wapi". Mzee atakupa hadithi ya kupokelea wageni. Kimya kina sababu: shamba ambalo watu wanaogopa litadaiwa, mtoto wa nje, au utumwa. Utumwa hasa. Zanzibar ulifutwa kisheria 1897, Tanganyika ni 1922, maana yake kuna watu ambao bibi aliyewalea alizaliwa mtumwa na hawakuwahi kulitamka. Huyo mtu ukimkazia macho umempoteza. Wakati wa Mjerumani kulikua na barua za uhuru, Freibrief, zinamtaja mtu na aliyekua anammiliki, na kule Freretown Mombasa watumwa waliookolewa majahazini waliandikwa na misheni, kwahiyo kama unahisi njia ni hiyo anza na karatasi kimya kimya kabla hujamgusa mzee.

La sivyo nenda na sukari na sabuni, kaa, saidia kumenya mihogo. Uliza kuhusu njia: "mlivyokua mnaenda kwa bibi mlilala wapi?" Majina ya watu yatakuja yenyewe kwa sababu njiani lazima ulale kwa mtu. Na nenda kwa shangazi, sio kwa baba. Baba anajua urithi, shangazi anajua nani alimwacha nani. Msibani usiku wa kwanza ndo watu wanasema ukweli kuliko sehemu yoyote, na hapo we sikiliza tu, daftari liache nyumbani.

Ofisi wanakuzungusha

Fupi tu. Parokiani usiende Jumapili wala Kwaresima, pita kwa mwenyekiti wa jumuiya upate barua, omba mwaka mmoja na jina moja, sio "nataka kuona vitabu". Paroko ana haki ya kukunyima, kuna watu wazima hai humo na tangu 2022 tuna sheria ya taarifa binafsi. Kuna ofisi moja nilienda mara nne, kila mara mwenye funguo kasafiri, mara ya tano nikaomba tu kuandikiwa nakala ya cheti badala ya kuona kitabu, ikatoka siku hiyohiyo. RITA, ofisi ya vizazi na vifo, kwa mtu wa kabla ya uhuru usitegemee sana, usajili wa vizazi vya wenyeji ulikua haujawafikia wengi.

Nyaraka za Taifa Upanga nenda na kitambulisho, na uende unajua unataka wilaya gani na mwaka gani, mafaili ya Mjerumani yana namba zinazoanza na G. Zanzibar ni Kilimani, Nairobi ni lile jengo la zamani la benki Moi Avenue. Mgeni asiye raia apitie COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwanza. Mlioko Uingereza mna Kew, nyaraka za taifa za huko, faili za CO 691 ni za Tanganyika na CO 533 za Kenya, ila humo utakuta wilaya na machifu na ugomvi wa kodi, babu wa kawaida kwa jina ni bahati sana.

DNA imetoa asilimia

Imekupa rangi kwenye ramani, haijakupa jina. Watu wetu waliopima ni wachache kwahiyo ndugu watakaotokea ni wachache na wengi wako nje. Kama ni wa karibu mwandikie, kama ni wa mbali endelea na maisha. Na mti wa mtu mwingine mtandaoni usiukopi, nimekuta mmoja kaunganisha watu wawili wa wilaya mbili kwa sababu wote wanaitwa Juma.

Umempata, ila kuna kitu cha ziada

Hii hawaisemi kwenye maelekezo. Mimi babu sikumpata kwenye ubatizo, nilimpata kwenye kitabu kingine kabisa, kile wanachoita Status Animarum, hali ya roho, ambacho padre anaandika kaya kwa kaya, baba, mama, watoto, nani kakomunika nani hajakomunika. Katekista alinifungulia kwenye meza ya sakristia, mvua inapiga bati hatusikiani, nikawa nafata majina ya wazazi wake niliyoyapata kwa shangazi. Nikakuta baba yake. Nikakuta mama yake. Chini yake watoto, na kwenye mmoja, Joannes, pembeni kwa penseli iliyofifia neno moja na jina la mji: "abest, Tanga". Hayupo, Tanga.

Nilikaa nalo hilo neno muda. Alafu katekista akaweka kidole mstari wa chini yake akaniuliza na huyu je? Chini ya Joannes kulikua na mke. Na mtoto wa kike, wa mwaka mmoja.

Kwahiyo kama na we umefika hapa, usitume picha kwenye grupu la ukoo usiku huo huo. Mi nilimwambia shangazi kwanza, peke yake, kwa kumfata nyumbani. Alinyamaza akaendelea kuchambua mchele, baadae akasema baba yetu alikua anatuma pesa mahali kila mwisho wa mwezi, mama yetu alikua anagomba. Huyo mtoto wa kike alibatizwa lazima, atakua kwenye LB ya mwaka unaofata au wa kabla yake, na kama aliolewa kanisani ukingo utasema wapi na nani. Katekista kasema nirudi mwezi wa sita, njia ikikauka.